DLC za RPG: kabla ya bei, angalia mlango uko wapi

Meseji ninazopata kuhusu Shadow of the Erdtree, ile DLC (nyongeza ya gemu inayouzwa kando) ya Elden Ring, karibu zote zinafanana. Dada nimenunua, nimedaunlodi, nimewasha gemu, sioni kitu kipya, nimepigwa? Hapana hujapigwa, DLC ipo, ila mlango wake uko kwenye chumba cha bosi (adui mkubwa) ambaye hujamfikia na pengine hata hujui kama yupo. Hela yako imelala huko ndani inakusubiri.

Kwa hiyo leo napanga DLC kubwa za RPG za fantasia (magemu ya kumkuza mhusika wako levo kwa levo), kuanzia ile ya kununua umefumba macho mpaka ile ya kuachana nayo. Sitaongelea grafiki, muziki wala masaa mangapi, hayo riviu zote zinayo. Naangalia kitu kimoja tu ambacho wauzaji wanakisema kwa maandishi madogo kama hawajakificha kabisa: ukishalipa, unaingiaje? Unatakiwa levo ngapi, umalize nini kwanza, sevu yako ya zamani itakubali, na ukishaingia kutoka inawezekana?

Namba moja ni Blood and Wine ya The Witcher 3, na nasema mapema kabisa kwamba nina upendeleo, CD Projekt Red ni watu wangu, niseme­ni mpaka mchoke. (Ndio najua ya gemu lao la Cyberpunk 2077, lilivyotoka bovu mwaka 2020 hadi Sony wakalitoa dukani kwao, sijasahau, lakini leo hatuko huko.) Blood and Wine ilitoka Mei 2016, na mwisho wa mwaka huo ikachukua tuzo ya RPG bora kwenye The Game Awards, yaani nyongeza imewapiku watu waliotengeneza magemu mazima. Ila mimi nawapendea mlango. Kama una sevu ya zamani, unakutana na wajumbe wa Toussaint, nchi ya DLC hiyo, kule Velen kwenye ramani ya zamani na safari inaanza, levo inayopendekezwa ni 34. Kama huna sevu, au ilipotea, au uliiacha kwenye konsoli uliyouza, unaenda kwenye menyu ya kuanza gemu jipya, unachagua Blood and Wine peke yake, wanakupa shujaa wa gemu, Geralt, aliyekwisha kukomaa, ana levo, ana vifaa, kazi kwako. Hivi jamani hilo ni gumu kiasi gani? Mbona wengine wote linawashinda?

Na ukishaingia wanakuheshimu. Kuna misheni moja Geralt anaenda benki kuchukua hela zake anaambiwa akaunti imefungwa kwa sababu kwenye rekodi yeye ni marehemu, sasa mtu aliyeua majoka anazungushwa dirisha hili mpaka dirisha lile akitafuta fomu, huyu anamwambia nenda kwa yule, yule yuko mapumziko. Nilicheka peke yangu. Misheni hiyo ni ya pembeni, ungeweza kuipita bila kujua, na bado kuna mtu alikaa akaiandika vizuri namna ile.

Namba mbili, Hearts of Stone, ya watu walewale, Oktoba 2015. Ni fupi, wenyewe walisema kama masaa 10 wakati Blood and Wine ni 20, lakini hadithi yake naona ndiyo bora zaidi, yule mwovu Gaunter O'Dimm akitokea tu nywele zinasimama, na ile ya Geralt kuingiwa na mzuka kwenye sherehe ya harusi siisemi zaidi nisiharibu. Mlango ni uleule wa menyu. Tahadhari ni moja, mapema tu unashushwa kwenye mitaro ya Oxenfurt kupambana na chura mkubwa na huyo chura hana utani, ukienda na levo ya 20 eti nitajaribu, atakufundisha adabu.

Namba tatu Shivering Isles ya Oblivion, ya mwaka 2007, na hapa mlango ni mlango kweli, umesimama kwenye kisiwa katikati ya ghuba ya Niben na hata ukiwa levo ya 1 unaingia. Siku hizi usiinunue peke yake, toleo lililofanyiwa ukarabati la Aprili 2025 linakuja nayo ndani. Skyrim hivyohivyo, Dawnguard, Hearthfire na Dragonborn zote zimo kwenye Special Edition tangu 2016, anayekuuzia mojamoja mwache aendelee na safari yake.

Namba nne ndiyo hiyo Shadow of the Erdtree, Juni 2024, na wapenzi wa FromSoftware, waliotengeneza Elden Ring, wataniandama lakini sijasema ni mbaya. Ni kubwa, ni nzuri, iliteuliwa hadi kwenye kundi la gemu bora la mwaka 2024 watu wakagombana kama DLC inaruhusiwa kuwemo. Tatizo ni kuingia. Lazima umuue bosi Radahn kwenye eneo la Caelid, halafu lazima umuue Mohg, na huyo Mohg ni bosi wa hiari, gemu zima linaisha bila kumwona. Wenyewe walitangaza masharti hayo kabla haijatoka, nawapa haki yao, ila mtu anayeona punguzo usiku na kubonyeza nunua hajasoma matangazo.

Njia za kwenda kwa Mohg ziko mbili. Ya kwanza imechelewa sana, ni geti lililoko kwenye uwanda wa theluji wa Consecrated Snowfield, na kufika huko kwenyewe unahitaji vipande viwili vya medali ya siri. Ya pili ni ya Varré, yule mwenye kinyago cheupe anayekusema vibaya mwanzoni kabisa mwa gemu. Ukishamuua bosi Godrick na kwenda kuonana na Vidole Viwili, mfuate Varré kwenye kanisa la Rose kule Liurnia, atakutuma kuvamia wachezaji wengine mara tatu, kama huchezi mtandaoni kuna wa gemu lenyewe anaitwa Magnus kule Altus, ukimmaliza huyo inatosha. Kisha unachovya kitambaa kwenye damu ya binti msindikizaji, unarudi, unapewa medali ya kukupeleka moja kwa moja. Sasa kufika mapema haina maana utamuweza. Katikati ya pambano anasimama hewani, ananyanyua mkuki wake na kupiga kelele Nihil, mara tatu, na kila mara damu inakutoka hata kama umesimama mbali huku umejificha. Dawa ni Purifying Crystal Tear, unaipata kwa kumuua Eleonora kwenye kanisa la pili la Marika huko Altus, ichanganye kwenye chupa yako uinywe kabla hajaanza kelele zake.

Na kuna watu nawahurumia zaidi, wale waliomaliza gemu 2022, wakabonyeza kuanza mzunguko mpya, wakaacha hapo. Hao mlango umefungwa tena, Radahn na Mohg wamefufuka na wamekuwa wagumu zaidi. Halafu ukiingia, levo yako ya 150 uliyoisotea haikusaidii kama ulivyodhani, huko nguvu unazipata kwa kuokota vipande vya Scadutree, viko 50 vimetawanyika ramani nzima, usipovitafuta utapigwa na askari wa kawaida. Bei yake ilitoka dola 40 kasoro senti moja. Hawa jamaa ndio tabia yao lakini, ile DLC ya Artorias kwenye gemu lao la Dark Souls ya kwanza ilikuwa mbaya zaidi, unamuokoa binti kutoka ndani ya dude la kioo, halafu unaenda kuua dude jingine mbali huko upate kidani kilichovunjika, halafu unarudi ulikotoka, na hakuna anayekuelekeza. Walioijua bila kuangalia intaneti nawavulia kofia.

Ya mwisho kwangu ni Trespasser ya Dragon Age: Inquisition, Septemba 2015, na hii ina hadithi nzuri, sikatai, ila lazima uwe umemaliza gemu zima ndiyo uianze, na ukishaianza hurudi tena kwenye ramani za zamani, ulichoacha umeacha. Kinachoniuma zaidi, huo ndio mwisho wenyewe wa hadithi. Ya Solas, mwenzako kwenye safari, yote unayotakiwa kuyajua kabla ya The Veilguard, gemu lililofuata, yamo humo, kwenye kitu ulichouziwa kando. Nimenunua gemu la Novemba 2014 halafu mwisho wake nilipie tena mwaka unaofuata, hiyo ni nini?

Vile vidogo vya bei rahisi, silaha, nguo, rangi ya farasi, acha. Vilianza na deraya ya farasi ya Oblivion mwaka 2006, dola mbili na nusu, watu wakacheka, na leo wanaocheka ni wauzaji.

Sasa nije kwa hao wauzaji. Steam, duka la magemu ya kompyuta, wanarudisha hela ndani ya siku 14 kama hujacheza kufika masaa mawili, vizuri, lakini kwa DLC yale masaa mawili yanahesabiwa kwenye gemu lenyewe tangu siku uliyonunua DLC. Maana yake umenunua Erdtree leo, umezunguka masaa matatu unamtafuta Mohg, DLC hujaikanyaga hata kidogo, na haki ya kudai imeshapita. PlayStation ndio kabisa, ukianza tu kudaunlodi umekubali. Duka la GOG ndio wana afadhali, siku 30, na mpaka mwisho wa 2025 GOG ilikuwa ya kampuni gani? Ya CD Projekt haohao. Nyamazeni tu. Ndiyo maana nawaambia nunua DLC ukiwa umeshafika mlangoni, ukiwa umesimama mbele ya lile kokoni (kifuko kikubwa) chumbani kwa Mohg, mkono unaning'inia, hapo ndipo utoe hela. Punguzo likipita litarudi, haya magemu yanapunguzwa kila msimu.

Kwa wenye diski za PlayStation kuna jingine, DLC lazima iwe ya kanda ileile na diski yako. Diski ya Marekani na DLC ya duka la Ulaya hazijuani, utalipa, utadaunlodi, na gemu litakaa kimya. Kuna muuzaji niliwahi kumuuliza diski yake ni ya kanda gani, akanijibu ni orijino dada.

Na anayekuuzia DLC kubwa ya Baldur's Gate 3, muulize ni ipi hiyo. Larian, wenye gemu hilo, walisema 2024 kwamba hawatengenezi.