Kupanda Super League: London Broncos au Wakefield Trinity?

Raga ya wachezaji 13 ya Uingereza ina ukatili wake. Oktoba 2023, London Broncos waliifunga Toulouse 18-16 ugenini kwenye fainali ya Championship, ligi ya daraja la pili, na kupanda Super League, ligi kuu. Mwezi huohuo, alama za majaribio za mfumo mpya wa kampuni ya michezo ya IMG, unaopima klabu ili kuamua nani acheze Super League, ziliwaweka nafasi ya 24. Yaani waliingia Super League huku wakijua mlango wa kutokea uko wazi.

Wakefield Trinity wao walishuka mwaka huo. Wakapata mmiliki mpya, Matt Ellis, jukwaa jipya la watazamaji kwenye uwanja wao wa Belle Vue, na mwaka 2024 wakatwaa Championship kwa kuichapa Toulouse 36-0. Alama zao za IMG zikavuka 15, yaani daraja A, wakarudi juu kwa msimu wa 2025. Nafasi waliyoichukua? Ya Broncos.

Tofauti iko kwenye hesabu. Kati ya alama 20, matokeo ya uwanjani yanabeba 5 tu, sawa na mashabiki. Fedha ni 4.5, uwanja 3, jamii 2.5. Broncos, wapangaji wa uwanja wa Plough Lane wenye mashabiki wachache, wangepata wapi hizo nyingine? Kikosi unaweza kukijenga kwa msimu mmoja, lakini mashabiki hawasajiliwi dirishani.

Kwa moyo, mimi ni wa Broncos. Ila klabu ikiniomba ushauri leo, ningeituma kwenda Wakefield ikatazame lile jukwaa kwanza, kocha baadaye.