Darubini ya 8x32 mikononi mwa mtoto wa miaka kumi: tathmini baada ya miezi saba Kisumu

Binti yangu ana umri wa miaka kumi, na kwa muda wa miaka miwili sasa amekuwa akiandika katika daftari la shule majina ya ndege anaowaona. Mimi mwenyewe, kabla hajaanza jambo hilo, niliwajua ndege wa aina mbili tu, wanaoliwa na wasioliwa, kwa hiyo haya si maneno ya mtaalamu bali ya mzazi aliyepoteza fedha mara moja kabla ya kupata kifaa kinachofaa.

Darubini ya kwanza niliinunua bila kumshirikisha mwenyewe. Ubavuni ilikuwa imeandikwa 60x60, bei yake ilikuwa shilingi 1,800, nami nikaamini kwamba namba kubwa ndiyo nguvu kubwa. Tulipofika ufuoni Dunga, mnandi aliyekuwa ameanika mabawa yake juu ya mti mkavu alionekana kama doa jeusi lenye ukingo wa zambarau, na binti yangu akalazimika kufumba jicho moja. Nilimkemea, nikidhani hajui kuitumia. Jioni nilipompima kwa rula, umbali kati ya mboni zake ulikuwa milimita 55, ilhali mirija ya darubini ile, hata ikikunjwa mpaka mwisho wa bawaba, haikukaribiana chini ya milimita 62. Mtoto alikuwa akiona duara mbili zisizokutana. Nilipima na lenzi za mbele, nikakuta hazifikii hata milimita 30, kwa hivyo ile 60 ya pili ilikuwa mapambo tu.

Hapo ndipo nilipojifunza namba hizo zina maana gani. Katika darubini ya 8x32, 8 ni mara ambazo kitu huonekana kimekaribia, na 32 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawa ya pili kwa ya kwanza unapata 4, ambacho ni kipenyo cha mwanga unaoingia jichoni, nacho kinatosha hata alfajiri wakati ndege wengi wanapoimba. Ukuzaji ukizidi kumi, mtetemeko wa mikono nao unakuzwa, na mikono ya mtoto hutetemeka kuliko yetu.

Mara ya pili nilikwenda naye dukani, mjini hapa hapa. Muuzaji, ambaye kwa hili namshukuru, alimkabidhi binti yangu darubini tatu mfululizo na kutoka naye hadi barazani ili azijaribu. Juu ya paa la jengo la ng'ambo alikuwepo korongo marabu, mmoja wa wale wanaoranda kwenye majaa yetu ya takataka na ambao hakuna anayewatazama mara mbili. Kwa darubini ya tatu alinyamaza kwa muda, kisha akasema, “Baba, ana nywele kichwani, na zinaweza kuhesabika.” Tukalipa shilingi 11,500. Nyanya yake alipoisikia bei hiyo aliuliza iwapo ndege hao watamlipia karo, na sikuwa na jibu la kumpa.

Sasa nieleze jinsi ilivyotumika. Mirija yake hukunjwa hadi milimita 54, na hilo peke yake lilitosha kunifanya niichague. Ina uzito wa gramu 520 kwa mizani yetu ya jikoni, uzito ambao mtoto anaweza kuubeba asubuhi nzima, ingawa mkanda uliokuja nayo ni mwembamba mno na ulimchubua shingo hadi mama yake alipoushonea kipande cha kitambaa cha blanketi. Gurudumu la katikati ni laini, na picha hutulia hata kwa kitu kilicho umbali wa mita mbili, jambo ambalo sikulijali mpaka ndege aitwaye chozi alipoanza kuja kwenye maua ya dirishani. Vikombe vya mpira vya machoni hukunjwa ili anayevaa miwani, kama mimi, naye aone.

Jaribio kubwa lilikuwa mafunjo ya Dunga. Ndani yake anaishi gonoleki wa mafunjo, ndege mwenye kifua chekundu kama damu, utosi wa manjano na mgongo mweusi, ambaye hutegemea vinamasi vya mafunjo na hivyo hawezi kutafutwa penginepo mjini. Mtu humsikia ndege huyo kabla ya kumwona, kwa kuwa dume na jike huitikiana. Tulikaa mtumbwini karibu saa nzima, tukiwasikia kulia na kushoto, mpaka mmoja alipopanda juu ya shina kwa muda usiozidi wa kuhesabu hadi tano. Binti yangu alimpata, nami sikumpata. Katika daftari aliandika tarehe, saa, na maneno “mstari mweupe bawani”, ambao kwa macho matupu nisingeuamini.

Dosari kubwa ni unyevu. Kisanduku kinasema kwamba kifaa hakiingii maji, lakini baada ya kunyeshewa siku moja, lenzi ya kushoto ilipata ukungu kwa ndani, ukachukua siku mbili kuondoka. Muuzaji aliniambia niiweke kwenye jua, na habari ya dhamana hakutaka kuizungumza. Tangu hapo tunaibeba katika mfuko wa plastiki ndani ya mkoba. Vifuniko vya lenzi za mbele navyo vimelegea. Kimoja kiko ziwani.

Kwa mtoto wa chini ya miaka minane huenda ikamlemea. Kwa aliyezidi umri huo na ambaye tayari anauliza majina ya ndege, ningeinunua tena kwa bei hiyo hiyo, mradi aende mwenyewe dukani, na mzazi abebe rula mfukoni.