Majaji kwenye kadi za besiboli: tathmini ya Supreme Court Sluggers

The Green Bag, jarida la sheria la Marekani linalojulikana pia kwa vinyago vyake vya majaji vyenye vichwa vinavyotikisika, lilibuni mfululizo wa kadi uitwao Supreme Court Sluggers, ambao mbele una mchoro wa jaji wa Mahakama ya Juu na nyuma una takwimu za kazi yake, kama zilivyo kadi za wachezaji wa kulipwa wa besiboli. Wazo hilo lina mizizi. Jaji Harry Blackmun, alipoandika hukumu ya Flood dhidi ya Kuhn, kesi iliyohusu besiboli, mwaka 1972, alitangulia kuorodhesha majina ya wachezaji zaidi ya 80, na John Paul Stevens, mmoja wa majaji wa kwanza kutengenezewa kadi, alikuwa mtazamaji wa miaka 12 katika uwanja wa besiboli wa Wrigley Field mwaka 1932, siku ya pigo la mchezaji nyota Babe Ruth ambalo hadi leo watu hubishana kama alilitangaza kwa ishara ya mkono kabla ya kulipiga.

Napenda pia kwamba jina la kadi, Sluggers, yaani wapigaji hodari, linawaweka majaji miongoni mwa wapigaji. John Roberts, alipokuwa akihojiwa ili awe Jaji Mkuu, aliliambia Baraza la Seneti mwaka 2005 kwamba jaji ni kama mwamuzi wa mchezo; kwa maoni yangu kadi zimesema kweli zaidi, kwa sababu anayeandika hukumu huubadilisha mchezo wenyewe.

Takwimu za nyuma ndizo zinazonitatiza. Mpigaji hupata zamu yake kila mzunguko unapomfikia, ilhali jaji hupangiwa hukumu ya kuandika na Jaji Mkuu, au na jaji mwandamizi pale Jaji Mkuu anapokuwa upande wa walio wachache; kwa hiyo wingi wa hukumu hauthibitishi ubora wa aliyeziandika. Tatizo zito zaidi liko kwenye maoni ya kupinga, yaani andiko la jaji asiyekubaliana na hukumu ya wenzake. Mwaka 1896, katika Plessy dhidi ya Ferguson, John Marshall Harlan alisimama peke yake kukataa utengano wa rangi ambao wenzake waliuhalalisha, na mwaka 1954, katika kesi ya Brown, majaji wote tisa waliuharamisha utengano huo katika shule za umma. Kwa hesabu ya aina hii, andiko la Harlan lingekuwa tarakimu moja tu kwenye safu ya waliopinga, na hakuna mpigaji ambaye zamu aliyoikosa iligeuzwa kuwa ushindi baada ya miaka 58.

Kwa mwalimu wa sheria anayetaka wanafunzi wabishane juu ya namna ya kumpima jaji, ninazipendekeza kadi hizi kwa moyo wote. Ningeomba tu iongezwe safu moja nyuma: maoni ya kupinga ambayo baadaye mahakama yenyewe iliyafuata.