Wakala wa tiketi Dodoma: safari yangu ya siku tatu Kigali

Nimerudi juzi kutoka Kigali, Rwanda, wengi mmeniuliza inbox wakala aliyenikatia tiketi anafaa au la, ngoja niandike hapa mara moja. Wakala ni wa hapahapa mjini, jina naliacha. Kwa tiketi yuko vizuri sana, kwa ratiba panga mwenyewe kabisa usimuachie.

Bei kwanza. Kwenda na kurudi Dar–Kigali nililipa laki sita na themanini, ndege ya moja kwa moja, na wao wakachukua elfu hamsini yao. Mwenyewe nilikuwa nimetafuta wiki nzima kwenye simu sikuipata hiyo bei. Yule dada wa mapokezi hana haraka, alinikumbusha pasipoti na kadi ya njano ya chanjo, akanambia Mtanzania viza hahitaji, na begi akaniambia nilipime nyumbani nisije nikaanza kutoa viatu pale kaunta.

Sasa kasheshe. Alinitumia meseji WhatsApp "ndege Jumamosi saa 9 usiku". Mimi na akili zangu nikajua Jumamosi jioni ndo nashuka Dar, si usiku wa Jumamosi? Alhamisi napiga pasi mashati ndo nafungua ile PDF ya tiketi naona 03:05 ya Jumamosi, yani ni usiku wa kuamkia Jumamosi!! Nilikaa kitandani pasi bado ina moto. Bahati treni ya SGR ilikuwa na siti ya Ijumaa, daraja la kawaida 31,000, nikashuka Dar na taksi mpaka Terminal 3. Ingekuwa enzi za basi tu ningekuwa naandika mengine hapa.

La pili ndo liliniuma zaidi. Nafika Kigali bado giza (wako nyuma yetu saa moja, rudisha simu), nasinzia kidogo gesti, saa mbili na nusu natoka nikanywe supu nakuta mji mtupu. Maduka yamefungwa, boda hakuna, watu wana majembe na mafagio barabarani. Mlinzi ananicheka, "leo ni umuganda". Kumbe kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi nchi nzima wanafanya usafi mpaka saa tano. Mtu una siku tatu tu halafu moja inaanza mchana! Wakala anayeuza Kigali hilo alitakiwa alijue.

Mji wenyewe sina neno. Nililala Nyamirambo, Kiswahili kinapanda kabisa, brosheti (mishikaki ya nyama) na ndizi za kuchoma nimeagiza kama niko Majengo. Boda wao abiria mmoja na helmeti lazima, huku kwetu mshikaki watu wanne na kuku juu. Ila kuvuka barabara angalia, magari yanapita kulia, mimi nilikuwa natazama upande usio na gari nusura nigongwe. Na mifuko ya plastiki acha nyumbani, wao wamepiga marufuku tangu 2008, zabibu zangu kavu za zawadi nilizifunga kwenye naironi nikaishia kuzimimina kwenye soksi safi, jamaa yangu sijamwambia mpaka leo.

Jumapili nilienda Gisozi kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Kuingia ni bure. Wamezikwa pale watu zaidi ya 250,000. Kuna chumba cha picha za watoto, chini wameandika mtoto alipenda kula nini, nani alikuwa rafiki yake. Nilitoka nikakaa bustanini muda mrefu, Kimironko sokoni sikwenda tena siku hiyo.

Niliporudi nilimpitia yule dada nikamweleza yote mawili. Akasema pole kaka, hiyo ya umuganda hata yeye ndo anaisikia kwangu, akaiandika kwenye daftari lake. Elfu hamsini hakurudisha. Nyota tatu, na mwezi wa kumi na mbili nataka Addis, tiketi nitamwachia yeye, ila tarehe namletea mimi na saa anaandika za PDF.