Ndoa ya Familia Tu, au Ndoa Iliyoandikwa Komini?

Hapa Bukavu wengi wanaona ndoa imekamilika siku ng'ombe na mbuzi wanapopokelewa kwa baba mkwe. Heshima ipo, na sheria yenyewe inaitambua ndoa iliyofungwa katika familia. Ila Kodi ya familia, yaani sheria ya familia ya Kongo ya 1987, inataka iandikishwe etasivili, ofisi ya komini inayoandika ndoa, ndani ya mwezi mmoja. Hapo ndipo wengi wetu tunalegea.

Tofauti inaonekana mume anapofariki. Mjane asiye na cheti cha ndoa anakuta mashemeji wameketi sebuleni Kadutu, wanauliza funguo na karatasi za parseli, yaani kiwanja. Atatafuta mashahidi wa mahari, na kama wazee wale wamekufa, kesi inakuwa ndefu. Mwenye cheti anakitoa mfukoni. Watoto, ndio warithi wa kwanza, wanapata robo tatu ya urithi. Naye mjane ana sehemu katika robo inayobaki, pamoja na haki ya kuendelea kukaa katika nyumba. Kazini ni vilevile: bila cheti, kudai pensheni ya mjane ni taabu.

Siku ya kuandikisha mnachagua pia namna ya kumiliki mali. Msipochagua, sheria inahesabu mlichochuma pamoja kuwa chenu wote wawili. Na tangu sheria ya 2016, mke hahitaji tena ruhusa ya mume ili aende mahakamani au asaini mkataba.

Mimi naunga mkono zote mbili, mradi mahari isisubiriwe imalizike ndipo muende komini yenu, Ibanda, Kadutu au Bagira. Dada zangu, ulizeni cheti kabla ya sherehe.