Kuroiler kwenye paraseli ya Goma: uzoefu wangu

Mwenye kuku watano au sita wa kienyeji uani, akiniuliza aongeze aina gani, namwambia Kuroiler, na achukue mitetea tu. Kuku huyu alitengenezwa India na kampuni ya Keggfarms mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya ufugaji wa nyumbani, na kazi hiyo anaiweza kweli: anachakura, anakula mabaki ya jikoni, na akilishwa vizuri anafikisha mayai 150 hivi kwa mwaka. Wa kienyeji huishia 40 hadi 60.

Kinachomtesa hapa kwetu ni mawe. Mtetea wa Kuroiler hufika kilo mbili na nusu. Akiruka kutoka juu na kutua kwenye lava, mawe makali ya volkano, unyayo unachanika na uchafu unaingia. Mgeuze mguu umwangalie: kipele cheusi, kigumu, katikati ya unyayo, na pembeni pamevimba pana joto, ujue usaha umeshaanza. Wa kienyeji ni mwepesi, anashuka kutoka mtini bila kuumia, ndiyo maana wengi hawaliwazii jambo hili. Kitulio kiwe sentimita 40 tu kutoka chini, ubao wa upana wa sentimita 5 uliopigwa randa kingo zake, na chini umwage maranda ya unene wa sentimita 10. Yakilowa, yatoe siku hiyohiyo.

Nunua waliofikisha wiki tano. Kifaranga wa siku moja anataka joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, na usiku wa Goma una baridi. Utamaliza makala (mkaa), na mbabula, yaani jiko la mkaa, ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu inayoua vifaranga, hata watu. Uliza wamechanjwa nini: chanjo za magonjwa ya Newcastle (kideri) na Gumboro ni lazima. Kisha mshike mmoja mmoja. Nyuma pawe pasafi, macho makavu, na ukimsogeza sikioni usisikie mkoromo.

Ukifika nao nyumbani, watenge wiki tatu hadi nne, mbali na wale wa zamani. Mafua sugu hukaa ndani ya kuku anayeonekana mzima kabisa. Lisha wa zamani kwanza, wageni mwisho, usirudi nyuma. Chanjo ya Newcastle ya kunywesha usiichanganye na maji ya bomba moja kwa moja, kwa sababu klorini inaiua. Tumia maji yasiyo na dawa, au tia gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa lita, subiri kidogo, ndipo uweke chanjo. Wanyime maji kwa muda wa saa mbili kabla, ili wamalize yote upesi.

Kuwachanganya, ngoja wakaribiane kwa ukubwa na wenyeji. Waweke nyuma ya wavu wiki nzima waonane bila kugusana, halafu waingize bandani usiku. Vyombo vya chakula viwe viwili, mbalimbali, la sivyo mgeni atashinda na njaa. Asiingizwe mmoja peke yake. Watatu wanagawana vipigo.

Chakula ndipo wengi wanapowaharibu. Cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi, kinaharibu figo za wasioanza kutaga, na Kuroiler huanza karibu na miezi sita. Mkiwa na rika zote pamoja, wape wote chakula cha kukuzia, na maganda ya mayai yaliyopondwa yakae kwenye sahani yake; anayetaga atayafuata mwenyewe. Unga wa sambaza, samaki wadogo wa ziwani, ni protini nzuri, lakini usizidi sehemu moja kwa kumi, mayai yasije yakanuka samaki. Hesabu gramu 120 kwa siku kwa kila mkubwa: watano ni kilo 18 kwa mwezi. Usipoweza, chukua watatu.

Rangi nazo zitazame. Weupe mwewe huwaona mapema. Mimi nachagua wa kahawia na wa madoadoa.

Jogoo wa Kuroiler simshauri kwa sababu uzito wake huchubua migongo ya mitetea midogo. Tena hii ni chotara, vifaranga vyake havirithi utagaji wote wa mama. Na mitetea yenyewe hailalii ila kwa nadra, kwa hiyo ukitaka kutotoa, mtetea wa kienyeji mwenye tabia ya kulalia abaki, naye umpe mayai makubwa hayo manane hadi kumi, asilundikiwe zaidi ya anayoweza kuyafunika.