Tahadhari: mbegu za boga lishe zinazouzwa Mbeya kwa jina la chotara

Ndugu wakulima, hasa mlioko Uyole, Mbalizi na Tukuyu, mvua zinakaribia na yule muuzaji wa mbegu za boga lishe ameanza tena kupita mitaani na kujitangaza kwenye makundi ya WhatsApp. Msimu uliopita aliwauzia wanakikundi wetu kadhaa pakiti ndogo za nailoni, akidai kwamba ni mbegu chotara za kizazi cha kwanza (yaani zitokanazo moja kwa moja na kuchanganya wazazi wa aina mbili tofauti) zilizoagizwa kutoka nje, zenye kuzaa maboga yanayolingana kwa umbo na uzito. Jina lake silitaji kwa kuwa malalamiko yameshafikishwa kwa afisa ugani wa kata. Ninachotaka ni kila mmoja aweze kuitambua bidhaa yenyewe.

Pakiti hizo hazina lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu), namba ya shehena wala tarehe ya kupimwa uotaji. Mdomo wa pakiti umefungwa kwa moto wa mshumaa, na masizi yanaonekana kwenye mkunjo. Mbegu zimepakwa rangi ya waridi ili zidhaniwe kuwa zimetiwa dawa kiwandani, lakini ukiziloanisha chache na kuzisugua kwa kidole, chini ya rangi hiyo unakuta nyuzi za nyama ya boga zilizokaukia kwenye ganda. Tulipoziosha tuliona jambo jingine: ndani ya pakiti moja zilikuwamo mbegu zenye ukingo uliokoza rangi na kukwaruza, kama zilivyo za boga lishe, pamoja na mbegu pana, nene na nyeupe za jamii tofauti kabisa ya maboga. Mzalishaji makini wa chotara hawezi kuuza mchanganyiko wa namna hiyo.

Mavuno yalikuwa kama mtu angetarajia. Shina moja lilitoa maboga yenye shingo, la jirani yake likatoa ya mviringo yenye maji mengi, na mwanakikundi mmoja alipata boga chungu kiasi cha kulitema. Hili la uchungu msilichukulie kwa wepesi, kwani husababishwa na sumu ya asili ya jamii ya maboga ambayo haiondoki kwa kupikwa, na huleta kutapika na kuharisha. Boga chungu hutupwa.

Muuzaji alipobanwa alijibu kwamba kosa ni la wakulima, eti walipanda karibu na matango na vibuyu vya majirani, na nyuki wakaharibu maboga. Jibu hilo limewanyamazisha wengi, nalo si kweli hata kidogo. Tango na kibuyu havizai na boga. Hata chavua ikitoka kwenye boga la aina nyingine, tunda la msimu huo hubaki la mama yake. Kinachobadilika ni mbegu zilizomo ndani, na tofauti huonekana zikipandwa msimu unaofuata. Kwa hiyo mchanganyiko tuliouona ulikuwamo tayari ndani ya pakiti. Kwa maoni yangu alikamua mbegu kutoka kwenye maboga ya chotara ya sokoni, ambayo kizazi chake cha pili hutawanyika, kila boga na sura yake, akaongezea na za maboga mengine kujazia.

Simkatazi mtu kutunza mbegu za maboga yaliyochanganyika nyumbani; ni kazi nzuri, na kwa kuchagua shina bora misimu kadhaa mfululizo unaweza kupata boga lako mwenyewe. Jioni funga kwa uzi ua dume na ua jike ambayo yatachanua kesho yake (jike lina kiboga kidogo nyuma yake), alfajiri paka chavua kwa mkono, kisha ulifunge tena ua jike na kulitia alama tunda lake. Boga liache likomae shambani, ulihifadhi wiki kadhaa baada ya kulivuna, na uonje nyama yake kidogo kabla ya kutoa mbegu. Lakini mbegu ya majaribio ya nyumbani haiuzwi kwa mwenzako kwa jina la chotara na kwa bei ya chotara.

Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inamtaka mfanyabiashara wa mbegu awe amesajiliwa, kwa hiyo mwombeni muuzaji yeyote cheti chake kabla ya kutoa fedha, na mdai risiti. Waliokwisha kununua watunze pakiti pamoja na ujumbe wa malipo ya simu na kuvipeleka kwa afisa ugani ili vifike TOSCI. Mbegu zilizobaki msizigawe, na msizikaange kwa ajili ya watoto kama tulivyozoea, kwa sababu hakuna anayejua ile rangi imechanganywa na nini.